Uvimbe Chini ya Sikio la Mpiga Zumari

Assalamu alaykum, jamaa zangu wa Kisarawe. Nawasalimu akina mama mlioko mikekani, na akina baba mlioko huku kwenye viti, ingawa naona viti vimewapendelea wenye matumbo. Wakubwa zangu, shikamooni nyote kwa pamoja.

Mwenyekiti amenisihi niseme kwa ufupi. Nimemjibu inshallah. Lakini mimi ni mpiga zumari, na mpiga zumari akishavuta pumzi haiachii upesi. Nivumilieni.

Hiki ni chama cha kuzikana. Mtu akifa hapa, nyinyi ndio wa sanda, nyinyi ndio wa jembe, nyinyi ndio wa kupika. Leo nimekuja kuwapa habari ya mtu mliyemhudumia bila kumzika. Majina sitataja. Waliokosea walikosea kwa kutaka kunisaidia, na aliyekosa kuliko wote ni mimi.

Kwetu ni Magindu, kule relini. Nina shamba la mihogo, mbuzi wachache, na zumari niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Siku za kazi utaniona mtu wa kawaida kabisa, matope mpaka magotini. Lakini ikifika arusi, au watoto wakitoka jandoni, kuanzia Ruvu mpaka kwetu, tunaitwa sisi wawili: mimi na mwenzangu mpiga chapuo, ile ngoma ndogo. Tumepiga pamoja tangu ndevu hazijatuota. Yupo hapa leo, karibu na mlango. Mtamjua kwa kicheko.

Habari ilianzia kwa kinyozi. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, ananinyoa, mara wembe ukasimama hapa, chini ya ndewe ya sikio la kushoto.

"Hiki nini?" akauliza.

"Nini?"

"Kuna kitu hapa. Kama punje ya kunde."

Nikapapasa. Kweli, kilikuwepo kidude kidogo, kigumu, ukikisukuma kinateleza chini ya ngozi. Nikakibonyeza, hakiumi. Nikamwambia, "Nyoa bwana, swala itanipita."

Ndugu zangu, nawaambia, ogopeni kisichouma. Kingeuma ningekwenda hospitali siku ileile nikilia kama mtoto. Kwa sababu hakikuuma, nilikifuga. Mwaka wa kwanza kilikuwa kunde. Mwaka wa pili kikawa kokwa ya ukwaju, wa tatu korosho na ganda lake. Mwaka wa tano kilishakuwa ndimu, tena ndimu iliyoiva, na ndewe ya sikio imeinuliwa juu nikawa kama mtu anayetega sikio kusikiliza siri za watu. Watoto wa jirani waliona. Watoto huona kila kitu.

Na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mimi mwenyewe nilisema ni hewa. Nilisema mtu anapiga zumari miaka ishirini, mashavu yanajaa na kupungua, haikosi hewa kidogo itapotea njia ikajificha huko nyuma. Niliwaambia watu maneno hayo kwa uso mkavu kabisa, na wengine waliniamini.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alisema ni matubwitubwi, ile perema ya watoto. Nikamwambia shangazi, matubwitubwi huondoka kwa wiki moja, mimi ninayo mwaka wa tatu huu. Akasema, "Ndiyo maana yanataka dawa kali." Basi mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, nikapakwa masizi ya chungu taya zote mbili, nikazungushwa mchungwa mara saba, naimba matubwitubwi yanihame yaende kwa paka. Watoto wote wa Magindu nyuma yangu wanaitikia. Niliwasikia wakiimba wimbo huo mwezi mzima. Paka hakuvimba.

Baada ya hapo mtu mmoja mnadani, ana koleo lake na bakuli la maji ya chumvi, akasema ni jino. Meno yangu ni mazima, muwa nautafuna mpaka leo. Lakini alisema kwa uhakika, na mtu aliyechoka kutojua hupenda sana sauti yenye uhakika. Nikafungua kinywa. Akang'oa gego, jeupe, zima, na mizizi yake yote. Tukalitazama wote wawili. Akasema, "Labda ni la jirani yake." Hapo nikafunga kinywa nikaenda zangu.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nacheka. Lakini sasa nafika mahali ambapo sikucheka, na nitapasema kwa sababu nimeahidi kusema kweli.

Mtu mwenye ugonjwa usiojulikana hutafuta adui anayejulikana. Nilikwenda kwa mganga mmoja mbali na kwetu. Akatazama, akanusa, akasema, "Huu ni mkono wa mtu. Mtu mnayekula naye sahani moja. Anaihusudu pumzi yako." Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja. Ni nani ninayekula naye sahani moja kila arusi? Ni nani anayesimama ubavuni kwangu, ubavu wa kushoto, upande uleule wa uvimbe?

Arusini, mbele za watu, bwana arusi amekaa, nilimgeukia mwenzangu nikamwambia mchawi. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya ngoma tatu. Alilegeza kamba ya chapuo lake, akalivaa begani, akaondoka. Mimi nikabaki na zumari mkononi, na hakuna aliyeniambia nipige.

Tangu siku ile nilianguka. Zumari niliichomeka darini. Nilijifunga kilemba kikubwa kilichoshuka mpaka shingoni, jua kali, jasho linanitoka. Nikiitwa arusini nasema naumwa. Nikiulizwa naumwa nini, nakasirika. Mke wangu akinitengea chakula upande wa kushoto namwambia anataka kunitazama. Mwaka mzima nilikuwa mtu wa hivyo. Uvimbe ulikuwa chini ya sikio, lakini waliokuwa wakiumwa ni watu wa nyumbani kwangu.

Basi asubuhi moja tunamenya mihogo uani, mimi na mke wangu, namwona mwenzangu anaingia. Amevaa kanzu safi, ana mfuko wa kusafiria begani.

Nikamwuliza, "Umekuja kutazama kazi yako?"

Akauweka mfuko chini taratibu. "Nimesikia kwamba mimi ndiye niliyekuroga."

"Umesikia vizuri."

"Haya. Aliyefunga ndiye ajuaye kufungua. Dawa yangu iko Kisarawe, hospitali ya serikali. Treni ya kwenda Pugu inapita kesho. Kama ni mimi niliyekutia kitu hicho, nitakupeleka mwenyewe wakakitoe. Kama si mimi, utaniomba radhi njiani. Safari ni ndefu, nafasi utaipata."

Nikafungua kinywa nimtukane. Mke wangu akasema, bila kuinua uso kwenye mihogo, "Shemeji, nguo zake nimezikunja tangu juzi."

Kumbe walishapanga, hao wawili! Mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa safari yangu mwenyewe.

Tukapanda treni. Mpaka Soga natazama vichaka tu. Pale Soga akanunua ndizi za kuchoma, akanipa iliyo kubwa. Tulipopita Mpiji nikasema, "Mwenzangu, nimekukosea."

Akasema, "Meza kwanza, halafu useme vizuri."

Nikameza, nikasema vizuri. Akaniambia, "Mwaka mzima nimepiga chapuo peke yangu. Unajua linavyosikika? Kama mtu anayetwanga kinu kitupu." Basi. Hakusema zaidi, wala hajanikumbusha tena mpaka leo, ila nikimzidi kwenye bao.

Kutoka Pugu tukapanda vilima kwa miguu, tukafika hapa Kisarawe tumechoka. Hospitalini tukampata tabibu mmoja, Mwafrika mwenzetu, mtu wa makamo, miwani puani. Mimi nilitegemea atatazama mara moja aseme jina la ugonjwa kama wale wengine wote. Yeye akavuta kiti, akakaa, akaanza kuuliza. Donge hili lilianza lini? Lilikua haraka au polepole? Linauma? Ukila linavimba zaidi kisha linapungua? Umepata homa, umekonda, unakohoa? Umepata ganzi ya uso? Nilijibu mpaka nikachoka. Wengine wote walikuwa wamenipa majibu. Huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza.

Kisha akatuma aletewe ndimu. Mwenzangu akanong'ona, "Anataka kulinganisha ukubwa."

Tabibu akaikata, akanipa kipande ninyonye. Akaniambia, "Mate hutoka kwenye matezi. Tezi kubwa liko hapahapa, mbele na chini ya sikio, na lina mfereji wake unaofungukia ndani ya shavu. Mfereji ukizibwa na kijiwe, ukinyonya kitu kikali mate hukosa njia, tezi huvimba na kuuma papo hapo." Nikanyonya, uso umekunjamana. Akaangaza ndani ya kinywa kwa kioo, akabonyeza shavu kwa nje. "Mate yanatoka, masafi. Uvimbe haukuongezeka. Kijiwe hakuna." Akaona na pengo. "Na jino hili?"

"Lilisingiziwa," nikasema.

Akalishika lile donge kwa vidole viwili, akalisukuma mbele, nyuma, juu. Akapapasa shingo yote kutafuta uvimbe mwingine, hakuona. Akasema, "Sasa nyanyua nyusi. Fumba macho kwa nguvu, nisiweze kuyafungua. Nionyeshe meno. Vimbisha mashavu. Piga mluzi." Jamani, kwenye kuvimbisha mashavu alinipata mwenyewe! Nilivimba mpaka wagonjwa waliokuwa wanangoja nje wakachungulia. Mwenzangu kicheko kikamshinda, akaambiwa atoke.

Tabibu hakucheka. Alisogea karibu akanitazama uso pande zote mbili, kama fundi anayepima ubao kama umenyooka. Akasema, "Uso wako wote unafanya kazi. Hiyo ni habari njema."

Kisha akanieleza, nami nitawaeleza vilevile. Alisema huo ni uvimbe wa tezi lenyewe la mate. Alisema si ugonjwa unaoonekana kila siku; katika kazi yake yote ameuona mara mbili, mimi ni wa tatu. Alisema upo mpole na upo mkali. Mkali mara nyingi hukua upesi, huuma, huganda mahali pamoja, na huulaza uso. Wangu umekwenda polepole, unateleza, hauumi, uso uko hai. "Naudhania mpole," akasema. "Lakini mkono hudhania tu. Wa kusema kwa hakika ni hadubini, ile darubini ya kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Na hadubini iko Dar es Salaam, tena ni baada ya kuutoa."

Nikamwambia, "Basi nikate wewe hapa, tumalize."

Akavua miwani. "Bwana, nisikilize. Asiukate mtu hapa, asiuchome, asiutoboe hata kwa sindano. Katikati ya tezi hilo unapita mshipa wa fahamu. Ukiingia humo unagawanyika matawi kama vidole vya mkono, na vidole hivyo ndivyo vinavyoutikisa uso wako. Anayekata hapo lazima aujue mshipa ule. Nitakuandikia barua kwa daktari mpasuaji."

"Na ukikatika?"

"Upande huu wa uso utalala. Jicho halitafumba sawasawa, mdomo utakwenda upande."

"Na zumari?"

Akavaa tena miwani. "Zumari hapana."

Ndugu zangu, nilitoka pale na barua mkononi na moyo uko Magindu. Nilikuwa nimefika kwenye ukweli baada ya miaka sita, na ukweli wenyewe nikauogopa kuliko masizi ya shangazi.

Hapo ndipo nilipokutana nanyi. Mama mmoja wa chama hiki, ambaye leo ameniketisha mbele kwa nguvu, alituona tumekaa chini ya ukuta wa soko na mfuko wetu. Akauliza, "Nyie wa wapi?" Tukasema Magindu, tumekuja hospitali. "Mna ndugu hapa?" Hatuna. Akasema, "Mnaye sasa, inukeni." Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshabeba mfuko. Tukakaa kwake siku nane. Siku nane hizo barua iko chini ya mto wangu. Kila asubuhi lori la Dar es Salaam linaondoka, na kila asubuhi ninayo sababu. Mara leo mvua. Mara leo ni siku mbaya. Siku moja nilisema viatu vyangu havijakauka, na sikuwa na viatu.

Mwenzangu hakunisukuma. Alituma salamu relini tu.

Siku ya nane, mchana, naona mtu anapanda kilima na furushi la kanga kichwani. Mke wangu. Hajawahi kupanda treni peke yake maisha yake yote. Akaingia, akawasalimu wenyeji, akanywa maji, akaja kukaa mbele yangu.

"Nimeambiwa unafikiri."

"Nafikiri."

"Mwaka wa sita huu unafikiri. Umefikia wapi?"

Nikamweleza habari ya mshipa, na mdomo kwenda upande, na zumari.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi niliolewa na mtu. Zumari ilikuja pamoja nawe kama mfuko. Ukirudi na mdomo uliopinda nitakuzoea. Mbona kukoroma kwako nimekuzoea? Watoto watakuzoea. Lakini nikija kukuchukua umelala juu ya ubao, hilo sitalizoea. Basi chagua, na uchague leo, maana mbuzi wako nimewaachia shangazi, na wewe unamjua shangazi."

Akina mama, mnapiga vigelegele, lakini mimi nilikuwa nalia. Nililia nikiwa nimeshika mkono wake, na kilio kilipoisha nikaona ule woga umepungua. Haukuisha, ulipungua tu, ukawa wa kubebeka. Nikafungua kilemba. Nikakikunja, nikampa. Kesho yake asubuhi nikapanda lori kichwa wazi, uvimbe wangu nje, watu wanatazama, nami nawasalimu.

Na nyinyi mlifanya nini? Mlinijua kwa siku nane tu. Mlinipa mkeka, mlinipikia chakula cha njiani, na mmoja wenu akapanda lori pamoja nasi kwa sababu anayajua mabaraza ya hospitali ile. Mtu wa chama cha kuzikana ananisindikiza hospitali! Mwenzangu akamwambia, "Bwana, usitembee karibu yake sana, ataingiwa na wasiwasi."

Daktari mpasuaji alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kuokotaokota. Akasoma barua ya tabibu wetu, akarudia kuisoma. Akasema, "Huyu tabibu, kazi nusu yeye amemaliza." Nataka mlijue hilo, kwa sababu tabibu yule yupo hapa mjini kwenu na mnapishana naye njiani kila siku.

Naye akanipapasa upya, nje na ndani ya kinywa, mpaka kooni. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mkulima, na mpiga zumari. Akataka kujua zumari inapigwaje, mashavu yanakwendaje. Nikawa namwonyesha kwa vidole tu, mara mwenzangu akaingiza mkono mfukoni mwake, akaitoa. Zumari yangu! Aliitoa darini siku ile tulipoondoka, akaibeba njia nzima, hajaniambia. Nikailowanisha kwa ulimi, nikapiga. Nilikuwa sijapiga mwaka mzima. Wodi nzima ikainuka. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa mbao alitikisa ule mguu mwingine. Muuguzi akaja mbio amekunja uso kunigombeza, akafika, mabega yake yakawa yanakwenda yenyewe. Daktari alisimama anatazama shavu langu tu. Nilipomaliza akasema, "Sasa mimi najua kitu gani lazima mimi linda."

Siku ya kupasuliwa alinichora usoni kwa wino, mistari kutoka sikioni kwenda kwenye paji, kwenye jicho, kwenye mdomo, njia za ule mshipa. Mwenzangu akasema nimechorwa reli ya kati na matawi yake. Nikavutishwa nusukaputi. Nilihesabu mpaka nne, kisha sijui.

Nilipozinduka, neno la kwanza nililosikia ni, "Fumba macho." Nikafumba. "Nyanyua nyusi." Nikanyanyua. "Onyesha meno." Nikaonyesha, nikamwona mke wangu anatazama pembeni. Pembe ya mdomo upande wa kushoto haikupanda.

Daktari akasema, "Mshipa hapana katika. Mimi nimeona kwa macho. Sisi tumesogeza, yeye amechoka, amelala. Ataamka." Nikamwuliza lini. Akasema wiki, labda miezi. Nilimwamini nusu. Nikinywa uji unachuruzika kidevuni. Nikisema "babu" natoa upepo.

Na palikuwa na jambo zito zaidi la kungoja. Uvimbe wenyewe ulikuwa kwenye chupa ya dawa, umekwenda kwenye hadubini. Mpole au mkali? Tulingoja siku kumi na moja. Siku hizo mke wangu alijifunza majina ya wagonjwa wote wa wodi na ya wake zao. Mimi nilijifunza kusali bila kumwekea Mungu masharti.

Siku ya kumi na mbili wakaniita chumba cha maabara. Daktari akaniambia, "Mpole. Yeye ametoka wote, na ngozi yake, hapana pasuka." Mke wangu akakaa chini sakafuni palepale, akasema alhamdulillah, akaisema tena na tena. Mtu mmoja wa maabara akaniuliza kama nataka kumwona mgeni wangu. Nikainamia hadubini. Jamani, ni pazuri! Pamepakwa rangi ya waridi na zambarau, kama kanga mpya ya Idi. Akanionyesha: sehemu hii ni kama tezi, sehemu hii kama gegedu la sikio, vimechanganyika mahali pamoja. Ndiyo maana, alisema, aina hii huitwa uvimbe wa mchanganyiko. Nikamwambia, kumbe miaka sita nimebeba pilau.

Mdomo uliamka mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa. Uliamka kwa kushtukiza: mke wangu alisema neno, nikacheka, akaniambia, "Cheka tena." Nikacheka tena. Akaniletea kioo. Pembe ilikuwa imepanda, kidogo, kama pazia linaloinuliwa na mtu anayechungulia. Zumari ilichukua muda zaidi. Mlio wangu wa kwanza ulikuwa wa mbuzi aliyekabwa. Mwenzangu alikuja kila jioni uani kwangu na chapuo lake, akapiga polepole, akanisubiri, hakunitangulia hata mara moja. Sasa tunapiga kama zamani, na mwezi uliopita tulipiga kwenye arusi ya watu hapahapa Kisarawe, mliokuwepo mnajua mlirudi nyumbani saa ngapi.

Nimebakiwa na mambo mawili ya kuchekesha. Ndewe hii haina hisia, inzi akitua sina habari. Na nikila kitu kitamu au kikali, shavu hili linatoka jasho, hili moja tu. Nilimweleza daktari, akasema vimishipa vidogo vilivyokatwa vimeota upya vikapotea njia. Vya mate vimeunganika na vya jasho. Kwa hiyo mwenye nyumba akitaka kujua kama nimekipenda chakula chake, asiniulize, atazame shavu.

Nawashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru tabibu aliyekaa kwenye kiti akauliza, na daktari, na yule wa maabara. Namshukuru mama aliyesema "mnaye sasa". Namshukuru mke wangu. Yuko kule nyuma, anajifanya anarekebisha kanga. Namshukuru mwenzangu, ambaye nilimwita mchawi mbele za watu, kwa hiyo leo mbele za watu namwita ndugu. Hapa mtanisamehe, ngoja ninywe maji.

Funzo langu ni dogo. Msiseme "hakiumi". Msimpe jina mtu kabla ya ugonjwa kupewa jina. Na kwa uvimbe wa mahali hapa, asikate asiyejua kinachopita ndani.

Na mimi sijamaliza. Daktari alisema hata mpole anaweza kurudi, kwa hiyo kila mwaka nakwenda kupapaswa. Siku yangu ni Alhamisi hii. Sasa, nimekaa nanyi tangu asubuhi, na macho yangu siku hizi huenda kwenye shingo za watu bila ruhusa yangu. Yupo mmoja humu ndani ambaye amejitanda upande mmoja kuliko mwingine, na jua la leo si la kujitanda hivyo. Simtazami. Simtaji. Huenda si kitu, na ningefurahi kiwe si kitu. Namwambia hivi tu: Alhamisi, kabla ya lori kuondoka, nitapita kwanza kwa tabibu. Nitakuwa nimesimama kwenye lango la hospitali, na mke wangu pamoja nami, na ndimu tutakuja nayo sisi. Njoo, tuingie wote.